Maswali Ambayo Mama Hamuulizi Bintiye

Malindi, Alhamisi, baada ya alasiri

Rukia mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga majirani, na mtoto umemchukua ili wampakate kabla hamjaondoka kesho. Ninavyoujua mtaa huu, kila nyumba itakukalisha na kila nyumba itakupa kitu cha kubeba. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa mkekani na kalamu ile ninayoandikia shajara yangu, na leo shajara itangoja.

Sitakuandikia habari za uji wa mtoto, wala za kuishi na mawifi. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayauliza kwa simu. Nataka kukuandikia jambo ambalo kwa desturi yetu si langu kulisema. Mambo ya mwili wa binti tunamwachia somo wake, yule kungwi aliyemfunda. Mama anapika, anafua, anaomba dua, lakini chini ya kitovu haingilii. Nililelewa hivyo nami nikakulea hivyo. Ndiyo maana mwaka mzima huu tumekaa nyumba moja, tumekula sinia moja, na sijakuuliza.

Unaikumbuka kazi yangu ya Gongoni, kabla hujaolewa. Nilikuwa nikirudi jioni viatu vimeganda chumvi, unaniuliza leo tumeuliza nini, nami nakujibu, "Afya ya kina mama," na mazungumzo yanakufa hapo. Leo nitakuambia tulichokuwa tukiuliza.

Ulikuwa mradi wa utafiti, na ulitaka wahojaji wanawake waliomaliza kidato cha nne, wanaojua kusoma swali bila kulipindua. Aliyetufunza ni msimamizi wetu, Fatuma, mdogo wangu kwa umri lakini ana subira ya bibi kizee. Alituchorea nyonga ya mwanamke ubaoni, akatuonyesha misuli iliyotandazwa chini yake, ile inayobeba kibofu, kizazi na utumbo. Alisema ni kama kamba za kitanda cha kamba: zikilegea, kila kilicho juu yake kinashuka. Uzazi hulegeza. Mizigo hulegeza. Kikohozi cha miaka na umri hulegeza. Mwanamke ataanza kutokwa na mkojo bila kutaka, au atahisi uzito kama kuna kitu kinataka kutoka, au choo na upepo vitamshinda kuzuia, au kulala na mumewe kutakuwa maumivu. Na kwa kuwa hakuna anayeona, hakuna anayeuliza.

Hojaji yetu iliuliza. Kwanza ilitaka kujua kama jambo lipo, kisha likiwepo linamsumbua mtu kiasi gani: halimsumbui, kidogo, kiasi, au sana. Sheria zetu zilikuwa chache. Soma swali kama lilivyoandikwa. Usikunje uso. Na usiseme habari zako mwenyewe. Fatuma alisema ukimwambia mtu yako hutapata yake, utapata yako kwa sauti yake. Sheria hiyo niliipenda kuliko zote. Baadaye utaona kwa nini.

Asubuhi ya kwanza nilivaa buibui lililopigwa pasi, nikaingia nyumba ya kwanza kama mamangu alivyonifunza kuingia nyumba za watu. Hodi. Karibu. Shikamoo kwa aliye mkubwa. Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi. Njema, njema, wazima, tunashukuru Mungu. Kisha nikafungua karatasi nikauliza: mkojo hukutoka bila kutaka unapokohoa, unapocheka au unapoinua kitu kizito? Hapana. Unahisi kama kuna kitu kinashuka sehemu za siri? Hapana. Ikawa hapana mpaka mwisho. Nikashukuru, nikaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Siku ile niliandika kwamba kazi hii ni nyepesi kuliko nilivyodhani.

Mwisho wa juma Fatuma alizipitia hojaji zangu moja moja, kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Mama Rukia, wanawake wa Gongoni hawakohoi?"

Nikamwambia wanakohoa.

"Hawacheki?"

Nikamwambia wanacheka sana.

"Basi hawa uliowapata wewe ni malaika. Utuletee na sisi tuwaone."

Wenzangu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, lakini niliumia. Nilijiona nimefanya kila kitu kwa adabu, na kumbe adabu yenyewe ndiyo iliyoniharibia kazi. Hebu fikiri. Umemwamkia mtu, umemuuliza hali, amekujibu njema mbele ya watoto wake. Pumzi mbili baadaye unamtaka aseme kwamba si njema? Utakuwa umemfanya mwongo nyumbani mwake. Mtu wa pwani ukimkuta kitandani na homa atakuambia hajambo, na ni haki yake, maana salamu si mahali pa kueleza maradhi. Hata wale wachache waliokubali walisema linawasumbua kidogo. Kusema "sana" mbele ya mgeni ni kama kumshitaki Mungu.

Aliyenifungua macho ni mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Nitamwita Kadzo, ingawa si jina lake. Kazi yake ilikuwa kukwangua chumvi na kuibeba kwa karai kichwani. Alinijibu hapana zote, nikakunja karatasi, akasimama kunisindikiza hadi barabarani nikatafute bodaboda. Njiani hatukuwa tena mwulizaji na mwulizwaji, tulikuwa wanawake wawili wanaotembea. Akaanza mwenyewe.

"Mimi mzima, dada, ila ile kazi ya chumvi siwezi kuiacha."

Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia kule kila mtu amelowa hadi kiunoni. Maji ya chumvi yanatoka kwenye karai, yanashuka mgongoni, nguo haikauki mpaka jioni. Mwanamke yeyote anaweza kulowa na hakuna wa kujua ni maji gani.

"Pale kazini sote tumelowa," alisema. "Kanisani ni mimi peke yangu. Mwaka wa tatu huu siendi."

Rukia, swali moja katika hojaji liliuliza kama tatizo hilo limewahi kukuzuia kufanya kazi. Kadzo alikuwa amejibu hapana, na alisema kweli. Halikumzuia kazi. Kazi ndiyo iliyokuwa maficho yake, na ile mizigo ya kazi ndiyo iliyokuwa ikizidi kumlegeza. Tulikuwa tumefika barabarani. Kisha akanigeukia kwa upole kabisa.

"Na wewe je? Ulipomzaa wa kwanza, mambo yalirudi sawa?"

Nikamwambia, "Mimi niko kazini."

Akaniangalia kutoka kichwani hadi kwenye mkoba. "Haya. Nilidhani namsindikiza mtu, kumbe nasindikiza makaratasi." Akageuka akaenda zake.

Sasa nikujibu wewe alichoniuliza yeye.

Mambo hayakurudi sawa. Wewe ulikuwa mtoto mkubwa na uchungu wako ulikaa siku mbili. Arubaini ilipokwisha, nikaanza kuona kwamba nikikohoa nalowa, nikicheka nalowa, nikiinua ndoo nalowa. Nikamwambia mamangu kwa kuzungukazunguka, akanijibu kwamba huo ndio uzazi. Nikamwambia somo wangu, akasema kila mwanamke hulipa ada yake. Basi nikalipa. Nikaacha kunywa chai mchana. Nikajua choo cha kila nyumba ya mtaa huu kabla ya kujua majina ya watoto wao. Nikaacha kwenda tarawehe, kwa sababu udhu ulikuwa haudumu rakaa mbili, na nilidhani sala yangu haina maana. Hakuna aliyeniambia kwamba mwenye udhuru kama huo hutawadha kila wakati wa sala unapoingia, akaswali, na Mungu anamjua. Nilikuja kuyasikia hayo nikiwa mtu mzima, kwa mke wa sheikh, naye aliyasema kama jambo ambalo kila mtu analijua.

Na nikamkimbia babako. Si kwa miguu. Nilikuwa nachelewa jikoni mpaka alale. Nilikuwa nakulaza wewe katikati yetu. Nilikuwa na kichwa kinachouma kila usiku. Yeye hakuuliza, maana naye alilelewa kutouliza, na tukawa watu wa adabu nyingi sana ndani ya chumba kimoja. Baadaye akapata kazi Lamu, na safari za kurudi zikawa za nadra, na yaliyofuata unayajua mwenyewe. Sisemi aliondoka kwa sababu hiyo. Watu huondoka kwa sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba miaka yote ile hakujua alichokuwa akikataliwa ni nini. Alidhani ni yeye.

Baada ya maneno ya Kadzo nilimwendea Fatuma nikamweleza yote, pamoja na yangu. Alinisikiliza bila kukunja uso, kama alivyotufunza. Akaniambia maswali hayawezi kubadilishwa, na akanieleza kwa nini. Kila mwanamke lazima aulizwe yale yale, ndipo uweze kujua nani anaumia zaidi, na ndipo mwanamke yule yule akishatibiwa umuulize tena uone kama amepata nafuu. Lakini saa ya kuuliza ni yetu, alisema. Na hojaji ikishafungwa, wewe ni mtu kama watu.

Tukabadilisha saa. Niliingia nyumba za watu, tukaamkiana, nikakaa. Nikasaidia kumenya mihogo au kuchambua mchicha. Nikaacha salamu zipoe. Watoto wakiondoka, na mwenye nyumba akishaanza kunilalamikia bei ya unga, hapo ndipo nilipofungua karatasi. Mtu aliyekwisha kulalamikia unga hashindwi kulalamikia kibofu. Majibu yakabadilika hata mimi nikaogopa. Kule Adu bibi mmoja aliposikia swali la kitu kinachoshuka, alinishika mkono akaniuliza, "Kwani jambo hili limechapishwa?" Nikamwonyesha mstari. Hakujua kusoma, lakini alitaka kuweka kidole juu yake. Alikiweka akakiacha hapo. "Basi tuko wengi," akasema. Alikuwa ameishi nalo tangu kitinda mimba wake, ambaye sasa ana wajukuu, na hakuwahi kujua kwamba kuna mwanamke mwingine duniani mwenye nalo.

Kwa hiyo usinielewe kwamba karatasi ni kitu kibaya. Karatasi ilimwambia yule bibi neno ambalo sisi sote, na midomo yetu, tulishindwa kumwambia.

Nilirudi kwa Kadzo siku ya mapumziko bila mkoba. Nikamjibu swali lake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa umefika. Kaa." Akanieleza yake yote, na Fatuma akamwandikia kwenda hospitali. Kizazi chake kilikuwa kimeshuka sana. Wakampa pete laini ya kuvaliwa ndani, inayoshikilia kizazi, wakamwambia aache karai. Hakuacha mara moja, maana watoto hula, lakini aliacha. Hivi sasa huenda kanisani na hukaa benchi la mbele, ananiambia, kwa makusudi.

Mimi nilipelekwa kwa mtaalamu wa viungo. Nilitarajia dawa, nikapewa mazoezi. Unakaza ile misuli kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, unashikilia, unaachia, unapumua. Nilijiona mjinga. Nimekaa kitini peke yangu, uso umekaza, kama mtu aliyesahau kitu sokoni. Wiki za kwanza sikuona kitu. Nikaendelea kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika, na siku ambayo sijafanya ilibaki tupu kwenye shajara ikinitazama. Baada ya miezi kadhaa nilicheka kwenye harusi ya jirani, nikacheka hasa, na ndipo nikakumbuka kwamba sikubana miguu. Sijapona kabisa. Mafua makali bado hunishinda. Lakini nimerudi tarawehe, na umeniona.

Sasa nikufikie wewe, mama.

Ulikuja kwangu kujifungua, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Arubaini ikaisha. Mumeo Athmani akapiga simu kutoka Kilifi, ukasema mtoto ana mafua. Akapiga tena, ukasema utafunga Ramadhani hapa. Mara ya tatu ukasema huwezi kuniacha na paa linalovuja, na paa likazibwa, na ukakaa. Mamake Athmani ameshaanza kuuliza watu kama mna ugomvi. Mimi najua hamna ugomvi, kwa sababu nakusikia unavyocheka naye kwenye simu. Kisha unakata, unaingia chooni.

Nimeona umeacha chai ya mchana. Nimeona kwamba zamani tulikuwa tukiswali pamoja sebuleni, na sasa unaswali chumbani peke yako, na unatawadha mara mbili. Nimeona unavyombeba mtoto ukiwa umesimama, halafu unasita kabla ya kuinama. Nilimtuma somo wako, Bi Zuhura, akuulize. Alirudi akaniambia, "Mwanao hajambo." Nikamuuliza alikuuliza lini. Akasema mlangoni, baada ya salamu. Nikajicheka kimoyomoyo. Kosa langu la Gongoni, limerudi hadi nyumbani kwangu, na nimelilipia nauli mwenyewe.

Huenda nimekosea. Huenda ni jambo jingine, au si jambo. Lakini nilikuona juzi ukikunja nguo za safari unalia, na mtu anayerudi kwa mume anayempenda halii vile.

Basi nakuuliza. Mkojo hukutoka bila kutaka unapokohoa, unapocheka au unapoinua kitu? Unahisi uzito chini, kama kitu kinashuka? Unaogopa kulala na mumeo kwa sababu ya maumivu, au kwa sababu ya kitakachotokea? Na lile ambalo hojaji yetu haikuwa nalo, nami nalibeba tangu siku ya Kadzo: kuna kitu ulichokuwa ukikifanya, na sasa umekiacha?

Si lazima unijibu mimi. Kama ni ndiyo hata moja, usikubali mtu akuambie kwamba huo ndio uzazi. Ni kweli hutokea kwa wengi, na ni kweli kwa wengine hupungua kwenyewe, lakini wewe una mtoto wa miezi kumi na bado unajificha. Mtaalamu wa viungo yupo huko huko Kilifi unakorudi. Nimezungumza na Fatuma, bila kutaja jina, akasema nimpigie tu na atamtafutia huyo mtu nafasi. Na ile kazi ya udobi ambayo Athmani amekupatia hotelini Bofa, usiianze kabla hujaonwa. Mashuka yaliyolowa ni mazito kama karai la chumvi.

Kubwa kuliko hayo, mwambie Athmani. Mwambie kabla ya usiku wa kwanza, si baada ya mwaka. Ukikaa kimya, atajitafutia sababu mwenyewe, na mwanamume akijitafutia sababu huchagua ile inayomuumiza zaidi. Najua utaniambia kwamba hujui pa kuanzia. Hata mimi sikujua, na nimeandika karatasi hizi zote kabla ya kukuuliza.

Unajua jinsi Athmani alivyo na mimi. Hajawahi kukaa mkeka mmoja nami. Akija hunipigia shikamoo kutoka kizingitini, macho chini, nami humwitikia nikiwa nimejifunika hadi kidevu, na chakula chake hupelekwa na mtoto wa jirani. Ndivyo mtu na mkwewe wanavyopaswa kuwa, na sikuwahi kutamani iwe vingine. Mkwe kujua habari za mwili wa mama mkwe ni jambo ambalo mamangu asingelisamehe.

Nimekaa nikalifikiri hilo tangu nilipoanza kuandika, na adhana ya magharibi inakaribia. Nasikia sauti yako kwa jirani wa tatu.

Neno likikukwama, mpe barua hii. Usimkatie kipande. Asome yote, na ya babako, na yangu. Mwambie mama mkwe wake ndiye aliyesema asome, na kwamba akija tena nitamwitikia shikamoo yake kama kawaida, na hatutalitaja.

Anayekuombea radhi kila sala,

Mamako